Ukifika Iten, wiki ya kwanza usishindane na mtu

Wadogo zangu mnaokuja kufanya mazoezi Iten, mji wetu wa wakimbiaji huku juu milimani Kenya, Alhamisi imepita na nimeona yale yale. Vijana wawili wameshuka matatu ya Eldoret Jumatano jioni, begi hata hazijafunguliwa, na saa tatu asubuhi wako kwenye fatleki, zile mbio za kubadilisha mwendo, kasi halafu pole, wamesimama mstari wa mbele, bega kwa bega na watu wametoka kukimbia marathon Ulaya juzi. Muda kidogo mmoja ameshika magoti kando ya barabara. Nawapenda sana lakini nimechoka kuwaokota.

1. Wiki ya kwanza ni izi tu, yaani kukimbia polepole. Kisumu ulikotoka, kule ziwani, iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Iten iko kama 2,400, sasa wewe umepanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu ukiwa umeketi kwa matatu unakula njugu, na mwili bado uko ziwani. Huku kila pumzi inakuja na oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, na damu inachukua wiki tatu, nne kujipanga. Hiyo haiharakishwi na roho ngumu.

Kuna kijana wa Ahero tulikaa naye chumba kimoja, amenikubalia niisimulie. Nyumbani hakuna mtu alikuwa anamuona mgongo. Koch akamwambia siku ya kwanza, "kijana, wewe tembea kwanza, zoea," yeye akaona amedharauliwa. Alhamisi akaingia fatleki, dakika moja mbio moja pole, mara ishirini na tano, na zile za kwanza alikuwa na wakubwa kabisa, anatabasamu. Halafu pumzi ikaisha, miguu bado ipo lakini pumzi hakuna, kikundi chote kikampita na vumbi. Angepumzika yangeisha hapo. Lakini Ijumaa akapiga tempo, mbio ya kasi bila kupumzika, peke yake ati kulipa deni, Jumamosi akafuata watu wa long rani, mbio ndefu, barabara ya Moiben. Usiku halali, namsikia anageuka geuka. Chakula hakishuki, na kwa kempu mtu akiacha ugali kwa sahani wote tunajua kuna shida. Mguu ukaanza kuuma kwa mfupa mbele, anaupaka dawa ya kuchua na kukaza soksi juu yake ili koch asione. Alipokubali mguu upigwe eksirei Eldoret, mfupa ulikuwa na ufa. Nilimbebea begi mpaka stage na hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia. Mwaka uliofuata alirudi, akatembea siku za kwanza, leo anakimbia vizuri sana.

2. Kunywa maji hata kama ni baridi, na kula mboga ya managu, maini na maharagwe, damu inataka madini ya chuma.

3. Salimia watu. Ukiambiwa "chamgei", salamu ya Kikalenjin, jibu, usipite na earphone masikioni, huyo mzee unayempita na ng'ombe pengine amelea bingwa.

4. Usichomwe sindano yoyote, usimeze dawa yoyote ya "kuongeza nguvu", hata aliyekuletea akiwa rafiki, hata akivaa koti jeupe. Ukiugua kweli mwambie daktari mapema kwamba wewe ni mwanariadha unayeweza kupimwa dawa zilizokatazwa, na uweke karatasi ya kila dawa.

5. Sikiliza koch anayekaa kimya. Bruda Colm O'Connell alikuja shule ya St Patrick's hapa Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, ukoch hakuwa ameusomea, alijifunza kwa kuwaangalia watoto wakikimbia. Miaka baadaye kijana wake David Rudisha akakimbia mita 800 London 2012 kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Sasa wewe unakosana na koch kwa sababu GPS ya mkononi inasema umeenda pole?

6. Mvua ikianza, kuanzia Aprili hivi, ule udongo mwekundu unashika viatu mpaka kila mguu una kilo yake, kwa hivyo jozi ya pili ni lazima.

7. Jumapili pumzika, na nasema kupumzika. Nenda ukingoni uangalie bonde la Kerio, miezi ya kiangazi utapata watu wanaruka na parachuti, inapendeza macho. Ila msishuke Tambach kwa miguu mkidhani mtapanda mkikimbia jioni. Kushuka teremkeni, kurudi pandeni matatu, na mbaki na nauli.