"Imepelekea": imempelekea nani, nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mbeya. Klabu yetu ya sayansi inaandaa bango kuhusu galaksi ambazo viini vyake hutoa nishati nyingi mno. Tuziite "galaksi hai" au "galaksi amilifu"? Sentensi yetu ya kwanza ni hii: "Kuwepo kwa shimo jeusi kunapelekea gesi kupata joto, hali inayopelekea kutolewa kwa urujuanimno na eksirei, lakini angahewa inapelekea mionzi hiyo kutofika ardhini na kupelekea setilaiti kutumika."

JIBU: Andikeni "galaksi amilifu", Mwalimu. Hai ni kinyume cha mfu, na mwanafunzi akisoma "galaksi hai" atauliza kama huko kuna viumbe. Amilifu asili yake ni amali, neno la Kiarabu lenye maana ya kazi au tendo. Hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni "kupelekea". Mara nne katika sentensi moja! Nimelipiga vita neno hili kwenye taarifa za habari, mihtasari ya vikao na hotuba za wageni rasmi, na sitanyamaza likiingia darasani.

Pelekea ni kitenzi cha kutendea, nacho kina watu wake. Mama wa Uyole amempelekea mwanawe aliyeko Iringa gunia la viazi. Yupo anayepeleka, yupo anayepelekewa, na gunia lenyewe liko stendi linasubiri kupakiwa. Mtoe mmoja wao, msikilizaji atauliza papo hapo. Sasa fungua redio: "Mvua imepelekea barabara ya Tukuyu kuharibika." Mvua imempelekea nani, nini? Kama barabara ndiyo iliyopelekewa, mzigo uko wapi? Mvua imeharibu barabara. Maneno matatu tu, na Rungwe nzima imeelewa.

Wapo wanaonijibu kwamba lugha hukua. Naam, hukua, na mimi hufurahi ikikua. Lakini hapa hatukupungukiwa kitu. Tuna sababisha, tuna leta, tuna fanya, na juu ya hayo tuna kauli nzima ya kutendesha: chelewesha, pasha, ng'arisha. Kupelekea kunamfunika mtendaji blanketi, usijue nani kafanya nini.

Na katika jambo lenu, nani kafanya nini ndilo swali lenyewe. Gesi inayovutwa na shimo jeusi, lenye mvutano ambao hata mwanga hauwezi kuuponyoka, haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka na kufanya kitu kama sahani bapa. Matabaka yake husuguana, hupata joto, hung'aa kwa urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho yetu. Karibu na shimo kuna korona, yaani elektroni zenye joto la mamia ya mamilioni ya digrii. Hizo hugongana na fotoni (chembe za mwanga) za urujuanimno na kuziongezea nishati hadi ziwe eksirei. Kisha baadhi ya eksirei hurudi kuimulika sahani na kuipasha joto upya. Basi kati ya urujuanimno na eksirei, ipi inabadilika kwanza, ipi inafuata? Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, ina darubini ya eksirei na ya urujuanimno zinazoitazama galaksi ileile kwa wakati mmoja. AstroSat ya India, ya mwaka 2015, nayo ina uwezo huo. Wanaastronomia hulinganisha vipimo siku kwa siku waone ipi imetangulia. Ukiwaambia "moja inapelekea nyingine", hujawaambia kitu.

Inaniuma zaidi kwa kuwa fani hii ina deni kwa Kiswahili. Setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Wamarekani wakaiita Uhuru. Miongoni mwa galaksi amilifu ilizozinasa ni NGC 4151.

Bango lenu lianze hivi: "Shimo jeusi huvuta gesi. Gesi hiyo husuguana, hupata joto na kutoa urujuanimno na eksirei. Angahewa huzuia eksirei zote na sehemu kubwa ya urujuanimno, kwa hiyo tunavichunguza kwa setilaiti." Na kama klabu inakipenda sana kitenzi chake, wapelekeeni nakala ya bango hilo wanafunzi wa shule jirani.