Je, DNA itathibitisha nasaba ya mabaharia wa Zheng He?
Dada yangu wa Siyu, kisiwani Pate, umeuliza kama kipimo cha DNA kitathibitisha simulizi ya bibi yako kwamba ukoo wenu unatokana na Zheng He, admirali wa Kichina, au mabaharia wake, waliosafiri kati ya 1405 na 1433. Zheng He mwenyewe muondoe, kwani alihasiwa angali mtoto. Kuhusu mabaharia, urithi wa babu mmoja hupungua takriban nusu kila kizazi, na baada ya vizazi 20 huenda usibaki kabisa. Kwa hiyo jibu la "hakuna Uchina" halitamfanya bibi yako kuwa mwongo. Ikiwa nasaba ni ya kuumeni, apimwe ami yako, kwa kuwa kromosomu Y, sehemu ya DNA, hupita kwa wanaume pekee. Hata ikifanana na ya Wachina, haitataja baharia yeyote wala mwaka aliofika Pate.