Maswali ya Wasomaji: Neva ya Jicho Inapopooza, Upasuaji Hufanya Nini?

SWALI: Miezi minane iliyopita nilianguka nikaumia kichwani. Tangu siku hiyo jicho langu la kushoto limeelekea puani, na nikitazama mbali, hasa upande wa kushoto, kila kitu nakiona viwili. Nilielezwa kwamba neva ya sita imepooza, nikaambiwa nisubiri, na sasa daktari anataka kunifanyia upasuaji wa misuli ya jicho. Ikiwa kilichoharibika ni neva, kwa nini iguswe misuli ambayo ni mizima? Na je, nitaona kama zamani?

JIBU: Pole sana kwa ajali na kwa miezi hiyo ya taabu, kwa sababu kuona viwili huchosha kuliko watu wengi wanavyodhani. Swali lako linastahili jibu refu, kwani wagonjwa wengi huingia chumba cha upasuaji wakiamini kwamba neva yao inakwenda kuunganishwa, na baadaye wakahuzunika bila sababu.

Kila jicho huzungushwa na misuli sita, na misuli hiyo hupokea amri kupitia neva tatu kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Neva ya tatu huhudumia misuli minne, na pamoja na hiyo huinua kope la juu na kubana mboni. Neva ya nne ina msuli mmoja tu, ule ambao ukano wake hupita kwenye kitu mfano wa kapi dogo kabla ya kushikamana na jicho. Neva ya sita nayo ina mmoja, msuli wa nje, unaolivuta jicho kuelekea upande wa sikio. Huo ndio uliokosa amri kwako. Msuli wa ndani, ambao neva yake haina hitilafu, unaendelea kuvuta bila mpinzani, na kadiri miezi inavyopita hujikunja na kukakamaa, kiasi kwamba hata neva ikipona leo jicho linaweza lisirudi mahali pake. Kwa hiyo si sahihi kabisa kusema kwamba misuli yako ni mizima.

Ama neva yenyewe, ni uzi mwembamba unaopita chini ya ubongo, ukapenya kwenye mfuko wa damu ya veni kando ya ateri kubwa iendayo ubongoni, ndipo ukaingia kwenye tundu la jicho. Kuifuata huko kwa kisu kungeleta hatari kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari huiachia nafasi ijiponye, na hapo ndipo palipo sababu ya kusubirishwa. Neva iliyokosa damu kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu mara nyingi hupata nafuu katika muda wa miezi mitatu hivi. Iliyojeruhiwa kwa ajali huweza kuchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo maana madaktari wengi husubiri angalau miezi sita, tena wakitaka vipimo vya pembe ya kengeza visibadilike kati ya ziara moja na nyingine. Ukipasuliwa mapema kisha neva ikaamka, jicho litageukia upande wa pili. Wakati wa kusubiri, mgonjwa huweza kuziba jicho moja, kuvaa miwani yenye prizimu, yaani vioo vinavyopinda mwanga, au kudungwa sumu ya botulinamu kwenye msuli wa ndani ili ulegee kwa miezi michache. Sindano hiyo tunadaiwa na daktari Alan Scott wa San Francisco, aliyeitafutia matumizi katika kengeza, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1989.

Sasa upasuaji wenyewe. Kabla ya kuamua, daktari hulitia jicho dawa ya ganzi, akalishika kwa koleo ndogo, na kulisukuma upande wa nje ili ajue kama msuli wa ndani umekakamaa. Kisha hukuambia utazame nje huku akilizuia, ili mkono wake uhisi kama msuli wa nje bado una nguvu yoyote. Ikiwa nguvu ipo, hulegeza msuli wa ndani kwa kuuondoa pale unaposhikamana, kiasi cha milimita 5.5 kutoka ukingo wa konea (kioo angavu cha mbele ya jicho), na kuushona nyuma zaidi, na msuli wa nje huufupisha ili uvute kwa nguvu zaidi. Lakini ikiwa msuli wa nje hauna uhai hata kidogo, kuufupisha pekee ni sawa na kukaza kamba isiyo na mvutaji, na mara nyingi jicho hurudi puani baada ya muda. Hapo hutumika njia ambayo mimi huiona kuwa miongoni mwa fikra nzuri sana katika fani hii: msuli wa juu na wa chini, ambayo bado hupokea amri kutoka neva ya tatu, huhamishwa yote au nusu yake na kushonwa kando ya msuli wa nje uliopooza, ili iazime nguvu yake upande huo. Daktari wa macho Mjerumani, Hummelsheim, alieleza uhamishaji wa nusu nusu tangu mwaka 1907, na njia nyingi za leo ni watoto wa wazo hilo.

Kuna mpaka ambao daktari hapaswi kuuvuka. Sehemu ya mbele ya jicho hulishwa damu kwa kiasi kikubwa na ateri ndogo zinazopita ndani ya misuli minne iliyonyooka (wa ndani, wa nje, wa juu na wa chini), kwa kawaida mbili katika kila msuli isipokuwa wa nje wenye moja, jumla saba. Ukikata misuli mitatu kwa mara moja, sehemu hiyo ya mbele inaweza kukosa damu, na hatari huwa kubwa kwa wazee na wenye maradhi ya mishipa. Kwa hiyo usishangae daktari wako akigawa kazi katika awamu mbili au akitumia sindano badala ya kukata msuli wa ndani.

Jicho halitolewi nje ya tundu lake, kama baadhi ya watu wanavyohofia, wala kisu hakiingii ndani ya jicho; kazi hufanyika juu ya ngozi yake nyeupe, chini ya nusukaputi au ganzi. Maambukizi, na sindano kutoboa ngozi hiyo, hutokea kwa nadra. Kwa watu wazima, nyuzi huweza kuachwa katika namna inayoruhusu kukazwa au kulegezwa mgonjwa akiwa macho na kueleza anachokiona.

Kuhusu kuona kama zamani, nakuomba uweke matarajio yako mahali sahihi. Lengo ni uone kitu kimoja ukitazama mbele na ukisoma, bila kulazimika kugeuza kichwa. Ukitupa jicho kushoto kabisa, huenda bado ukaona viwili, na baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudi kwa upasuaji wa pili.

SWALI: Mama yangu aliondolewa uvimbe chini ya ubongo miaka miwili iliyopita. Kope lake la kulia limefunga kabisa, na likiinuliwa kwa kidole jicho linaonekana limekwenda nje na chini kidogo. Yeye anataka kope liinuliwe kwanza. Je, ni sawa?

JIBU: Namwelewa, kwani kope ndilo ambalo watu huliona. Hata hivyo, hiyo ni neva ya tatu, na katika ugonjwa huo kope lililofunga linamfanyia mama kazi ya kuziba jicho. Likiinuliwa leo, ataanza kuona viwili saa hiyo hiyo. Jicho hunyooshwa kwanza, nalo si jepesi, kwa kuwa misuli minne imepooza na ule wa nje unavuta bila mpinzani. Mara nyingi msuli huo hurudishwa nyuma sana au hata kufungwa kwenye mfupa wa ukuta wa tundu ili usivute tena. Kope hufuata baadaye, kwa kulifunga na msuli wa paji la uso, tena huinuliwa kwa kiasi, kwa sababu jicho lisiloweza kupanda juu wakati wa usingizi huacha konea wazi, ikakauka na kupata vidonda.

Kwa wasomaji wengine: kope likianguka ghafla, mboni ikapanuka na kichwa kikauma vikali, usisubiri mwezi wala wiki. Huenda ateri ya ubongo imevimba na inaikandamiza neva ya tatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne huinamisha kichwa begani kushoto kila anapotazama kitu. Tumemnyoosha shingo kwa mazoezi mwaka mzima bila mafanikio.

JIBU: Apimwe macho. Neva ya nne iliyo dhaifu tangu kuzaliwa humfanya mtoto ainamishe kichwa upande ulio mbali na jicho lenye hitilafu, ili picha mbili ziungane, na kwa mwanao hilo lingekuwa jicho la kulia. Jaribio rahisi ni kuziba jicho moja na kutazama: kichwa kikinyooka, yaelekea tatizo haliko shingoni, ingawa kisiponyooka haimaanishi kwamba macho yameepuka lawama. Beba na picha zake za uchangani, kwani daktari atataka kujua lini kichwa kilianza kuinama. Ikithibitika, mara nyingi hulegezwa msuli wa chini ulio mshazari, unaovuta kupita kiasi kwa sababu mpinzani wake, ule wa neva ya nne, ni dhaifu, na wazazi wengi huona kichwa kikinyooka zaidi baada ya hapo.