Fyuzi haijakatika, lakini waya unaunguza vidole

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1976 niliyoachiwa na marehemu baba. Taa kubwa ya kushoto imekuwa hafifu, na nikitia indiketa ya kushoto, taa hiyo hupepesa pamoja nayo. Fundi mmoja alikuta waya umekatika nyuma ya taa, akausokota na kuufunga tepu. Ikawaka wiki tatu. Sasa mwanga ni wa koroboi, na nikishika palipofungwa tepu pana moto. Yeye asema madhali fyuzi haijakatika, waya hauna neno, ninunue balbu yenye nguvu zaidi. Mwingine asema ning'oe nyaya zote niweke mpya. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba. Usimsikilize hata mmoja, na hiyo balbu kubwa usiinunue kabisa. Utakuwa unatia kuni kwenye jiko ambalo hukukusudia kuliwasha.

Hii kauli ya "fyuzi haijakatika" naisikia karibu kila wiki, na wanaoisema ni watu wenye spana mkononi. Kwanza nauliza: fyuzi ipi? Kwenye Land Rover za miaka hiyo, kama gari nyingi za Kiingereza, taa kubwa hazikupitishwa kwenye fyuzi. Waya wa kahawia unatoka upande wa betri hadi swichi ya taa, wa buluu unatoka hapo hadi swichi ya kubadilisha mwanga, kisha buluu yenye mstari mweupe inapeleka mwanga mrefu na buluu yenye mstari mwekundu mwanga mfupi. Zifuate kwa kidole uone. Kama hakuna aliyekuongezea fyuzi baada ya gari kutoka kiwandani, basi hiyo anayoisifu fundi wako inalinda indiketa na waipa. Taa yako haijui.

Lakini tuseme ipo. Bado isingekatika. Balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta ampea 4.6 hivi. Kiungo kilichosokotwa kikaota kutu kikawa na ukinzani, yaani kuuzuia umeme, wa nusu omu tu, mkondo unapungua hadi karibu ampea 3.8. Umesoma vizuri: unapungua. Fyuzi inaona umeme mchache kuliko kawaida, itakatika kwa sababu gani? Wakati huohuo kile kiungo kinakula karibu volti 2 na kuzigeuza wati 7 za moto, mahali padogo kama punje ya kunde, pamefungwa tepu pasipate hata upepo. Balbu ndogo ya pembeni ni wati 5. Iwashe robo saa kisha uishike, halafu uniambie wati 7 ni kitu gani. Na taa iliyonyimwa volti 2 hupoteza karibu nusu ya mwanga wake. Huo ndio mwanga wako wa koroboi.

Kwa hiyo waya uliokatika kabisa una heri. Taa haiwaki, unajua una shida, unatafuta fundi. Huu unaopitisha umeme kwa kusitasita ndio unaochoma magari, na hakuna fyuzi duniani itakayokuonya.

Sasa hiyo indiketa kupepesa pamoja na taa ndiyo inayonionyesha hasa ulipo ugonjwa. Umeme lazima urudi kwenye betri. Ukikosa njia yake ya kurudi, hupita kwa jirani: taa kubwa inarudishia umeme wake kupitia balbu ya indiketa, na indiketa kupitia taa kubwa, ndiyo maana zinacheza ngoma moja. Hiyo ni ethi mbovu, yaani ile njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Pengine fundi wako aliunga waya uliokatika na ethi ikawa mbovu tangu mwanzo, pengine waya uliokatika ndio huohuo wa ethi, ule mweusi. Sijaiona gari, lakini ningeanzia hapo.

Na Land Rover ina lake. Madigadi yake ni aluminiamu, skrubu ni chuma, na sisi tunaishi kando ya bahari. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa, ikaacha unga mweupe usiopitisha umeme. Ukiitazama skrubu kwa juu utaiona imekaza vizuri kabisa. Ifungue: chini yake pana unga kama chokaa ya tambuu. Ninazo gari za kutoka Nairobi zilizokaa miaka arobaini ethi zao zikiwa safi. Zikiletwa hapa, kusi la miaka miwili linatosha.

Usinijie na testa. Ile bisibisi yenye kibalbu ndani inavuta umeme kidogo sana, robo ampea hivi, kwa hiyo hata kwenye kiungo kibovu itawaka na kukudanganya. Tafuta mita, hata ya bei ndogo, uiweke kwenye volti 20 za DC. Washa taa, iwake kweli. Ncha moja ishike kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya taa pale inapoingia balbuni. Ikisoma zaidi ya 0.2, ethi ni mbovu. Kisha chanya ya betri na teminali ya moto ya taa, ile inayopokea umeme: ikipita 0.5, kuna kiungo au swichi inayokula umeme njiani, na unaweza kuifuata kipande kwa kipande hadi uikamate. Taa ikiwa imezimwa kipimo hiki hakina maana, maana pasipo mkondo hakuna kinachopotea.

Kuunga sasa. Fungua betri, upande wa ethi kwanza, ili spana ikigusa bodi usipige cheche. Lile fundo la tepu usilifungue ukalitengeneza, likate ulitupe. Mwezi uliopita niliikata moja ya pikapu iliyotoka Mambrui. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kama asali iliyochacha, ndani pana ujiuji wa kijani, na shaba yenyewe nyeusi kama utambi. Nikachuna plastiki inchi moja, bado nyeusi. Inchi tatu, nyeusi. Waya huvuta maji kati ya nyuzi zake kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, kwa hiyo weusi husafiri mbali na mahali unapouona. Usiunge shaba nyeusi: lehemu haiishiki, na teminali ukiibana unabana kutu. Kata mpaka uione shaba inang'aa, na ikiwa weusi umepita shubiri moja badilisha kipande chote hadi kwenye kiunganishi kinachofuata.

Waya wa kuongezea uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba, usiwe ule mgumu wa nyumba wenye uzi mmoja, ambao mtetemo huukata kama unavyokatika waya wa fensi ukipindwapindwa. Milimita mraba 2 zatosha sana kwa taa moja. Ukiweza kupata ule uliopakwa bati nyuzi zake, wanaotumia watu wa boti, chukua huo hata ukikugharimu zaidi. Ndugu zetu wa kisiwani Lamu, walioachia punda kazi ya gari, wamesalimika na mengi ya haya, lakini ukitaka kujua waya gani unastahimili chumvi, waulize mafundi wao wa mashine za boti.

Kubana au lehemu? Watu hubishania hili mpaka chai ipoe. Mimi hubana, kwa koleo la kubania lenye meno yake hasa, siyo plaisi na siyo meno ya mdomoni, nimewaona. Ukishabana, vuta kwa nguvu. Kikichomoka kingechomoka barabarani Gede usiku. Lehemu nayo si haramu, ila ina masharti mawili. Iwe ile yenye dawa ya utomvu ndani yake, usipake tindikali ya mafundi bati, maana hiyo inabaki ikiila shaba baada ya wewe kulipwa na kwenda zako. Na waya uliotiwa lehemu hugeuka mgumu, ukakatika pale ugumu unapokutana na ulaini, kwa hiyo ufunge kwenye bodi pande zote mbili za kiungo usicheze. Kisha funika kwa ule mpira unaonywea kwa moto, wenye gundi ndani. Uvishe kwenye waya kabla ya kuunga. Nina miaka mingi kazini na bado huusahau nje, nikakata nikaanza upya.

Ethi usiirudishe kwenye digadi. Toa waya mweusi kutoka taa zote mbili hadi kwenye chesi, pale ethi ya betri inapofungwa, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza bolti yenye washa ya meno, kisha upake grisi juu. Kukaza kwanza, grisi baadaye. Kazi ya saa moja, na nadhani ndiyo itakayomaliza yote.

Kung'oa nyaya zote? Shika waya popote chini ya boneti uupinde kwa vidole. Plastiki ikipasuka, yule wa pili alisema kweli na sina ubishi naye. Ikipindika na kurudi, basi anataka kukuuzia kazi ya wiki nzima, na akimaliza rangi zote zitakuwa nyekundu, kwa sababu dukani alikuta bunda moja la waya mwekundu. Hizo rangi za zamani ni ramani. Kahawia ni moto wa betri saa zote, nyeupe ni moto wa swichi ya injini, kijani umepita kwenye fyuzi, zambarau ni wa fyuzi pia lakini hauzimwi, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ethi. Zikipotea, kila fundi ajaye atapiga ramli.

Na sharti niseme la fyuzi za kioo, maana wenye gari hizi wote wanakuja nazo. Fyuzi ya Lucas, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kawaida ni 17. Ukinunua ya kisasa iliyoandikwa 35, hiyo inabeba 35 mchana kutwa bila kukatika, na waya wako umepimiwa nusu ya hapo. Sisemi juu ya wanaovingirisha karatasi ya bati ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Niliwahi kuitoa moja kwenye gari ya mteja aliyekuja na mtoto amelala kiti cha nyuma, na aliyeiweka alikuwa amelipwa.

Wengi wenu hapa mnalaza gari chini ya banda la makuti. Ule waya wa kahawia haulali. Ufunguo uko mfukoni, wewe uko kitandani, na waya huo una umeme wa betri nzima bila fyuzi, ukisuguana na tundu la bodi ambalo mpira wake uliliwa na jua zamani. Ukigusa chuma, betri inamwaga ampea mamia, na makuti ya Januari yaliyopigwa na kaskazi hayangoji maji ya ndoo. Weka swichi ya kukatia betri upande wa ethi, ile ya kuzungusha. Peugeot 504 yangu ninayo, naikata kila jioni nikishafunga geti, na kwa sababu hiyo saa yake ya dashibodi haijawahi kusema kweli. Abiria huniuliza wakati, nawaambia watazame simu.