Maswali Yenu: Mtoto Mdogo na Safari Ndefu

Nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Mwezi ujao nasafiri naye kwa basi kwenda Mwanza, tuko wawili tu. Nimemnunulia midoli mingi, lakini hata nyumbani anaichoka baada ya dakika chache. Nitamshikaje kutwa nzima? – Mama wa Nkuhungu, Dodoma

Dada, hiyo midoli mingi iache nyumbani. Mtoto wa umri huo hutulia na kitu kimoja kwa dakika chache tu, na akiona vingine vimelala pembeni anakitupa alicho nacho. Chukua vitu sita hadi nane, kila kimoja kifunge kwenye kipande chake cha kitenge, uviweke kwenye mfuko asiouona. Toa kimoja kimoja. Kule kufungua fundo tu ni mchezo. Akianza kutazama pembeni, kichukue na ukifiche kabla hajakitupa, kisha kirudishe baada ya saa mbili hivi. Atakipokea kama kipya.

Vitu vyenyewe si vya kununua. Chukua kopo tupu la siagi, toboa mfuniko mwanya wa sentimita 5, kata kadi kumi kutoka kwenye boksi la sabuni, kila moja sentimita 4 kwa 8. Atazitumbukiza, mtafungua kopo, ataanza upya. Kisha beba tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi: bandika vipande virefu mgongoni mwa kiti cha mbele, ukikunja ncha moja ili apate pa kushika, abandue. Usikae mbali naye hapo, maana vipande hivyo huishia mdomoni. Vitambaa vya rangi vilivyosokomezwa ndani ya kopo ili avivute navyo ni vizuri, ila visizidi sentimita 20 na usiviunge kuwa kamba, visije vikamzunguka shingoni. Acha mipira na magari madogo. Mtoto huyu hutupa vitu makusudi ili aone vinakwenda wapi, na kwenye basi vinakwenda chini ya viti vya watu.

Kipimo cha usalama: chochote kinachopita kwenye kile kibomba cha katoni cha toileti pepa kinaweza kumkaba.

Chakula nacho ni mchezo, tena mrefu kuliko yote. Mpe kipande kimoja kimoja: ndizi, kiazi vitamu kilichochemshwa, chapati iliyokatwa vipande vyembamba. Sisi wa Dodoma zabibu tunazo, lakini usimpe nzima. Kata kila moja mara nne kwa urefu na utoe mbegu. Karanga, bisi, pipi na ubuyu wenye mbegu visiingie kabisa kwenye mfuko huo. Basi likianza kurukaruka kwenye matuta, simamisha kula mpaka barabara itulie.

Ila kinachomfanya alie mara nyingi ni mwili, si kukosa kitu cha kuchezea. Ni takriban kilomita 700, na basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo ni siku nzima ya kukaa. Kila basi linaposimama, Manyoni, Singida au kwingineko, shuka naye, umshike mkono atembee mbali na magari, hata kama ni dakika tano. Wengi hubaki wamekaa kwa kuwa mtoto ametulia. Hapo ndipo kilio cha saa inayofuata kinapoandaliwa. Akiwa amelala fofofo, basi, mwache alale.

Kiti omba upande wa kulia, nyuma ya dereva, katikati ya basi. Mnaelekea kaskazini-magharibi, jua kali la alasiri litakuwa zaidi upande wa kushoto. Ukiweza, mlipie kiti chake. Ukimpakata, mkanda ufunge mwilini mwako peke yako, usimzungushie na yeye, kwani dereva akikanyaga breki ghafla uzito wako wote unambana mtoto.

Nampeleka mjukuu wangu wa miaka miwili Arusha kupitia Kondoa. Jirani anasema nimpe dawa ya mafua ili asinzie njiani. Ni sawa? – Bibi wa Kizota

Shikamoo bibi. Hapana, usimpe. Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo, na promethazine, mojawapo ya dawa hizo, haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka miwili. Isitoshe, wapo watoto ambao badala ya kusinzia huchangamka na kuhangaika safari nzima.

Kama hofu ni kutapika, mpe chakula chepesi kisicho na mafuta saa moja kabla ya kuondoka, mketishe aone mbele, hewa iingie. Akitapika, subiri dakika kumi kisha mpe ORS kijiko kimoja kimoja. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, na inayobaki baada ya saa 24 inamwagwa.

Tunashuka Dar kwa treni ya SGR na binti wa miaka mitatu. Simu nimpe au nimnyime? – Baba wa Ilazo

Kaka, mpe, lakini iwe ya mwisho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na aliye chini ya miwili asipewe. Ukiitoa mkiwa bado stesheni, hakuna kingine atakachokitaka tena. Pale stesheni mwache atembee achoke. Pakua katuni mbili nyumbani, maana mtandao hukatika njiani, na sauti iwe chini.

Kabla ya hapo dirisha linatosha. Mwambie mapema kwamba kuelekea Kilosa treni itaingia kwenye mahandaki na kutakuwa giza, asije akashtuka, kisha mpe kazi ya kuyahesabu kwa vidole. Simu itoe mkishapita Morogoro.