Maswali ya Wasomaji: Obi ni ya Mume, Jiko ni la Nani?

SWALI: Mhariri, binti yangu ameposwa na kijana Mwigbo wa Jimbo la Anambra, Nigeria, nasi tumealikwa kijijini kwao Desemba hii. Wenzangu wa chama wanasema kwamba kule mume ana nyumba yake peke yake karibu na lango, na wake hujibanza nyuma kama vibarua. Je, ni kweli? Mwanangu anakwenda kuwa nani katika boma hilo?
Mama Mzazi, Kasarani

JIBU: Mama, wenzako wameona lango, ndani hawakuingia. Ni kweli kwamba katika boma la jadi la Waigbo nyumba ya mume, iitwayo obi, ilijengwa kuelekea lango, na humo ndimo alimopokea wageni, akasikiliza mashauri ya wazee na kuwaombea watu wake. Kwetu hilo si geni: Mkikuyu anayeijua thingira, au Mjaluo anayelijua duol, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini nyuma ya obi kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake na wanawe. Watoto wa tumbo moja huitwa umunne, na ukoo mzima wa upande wa baba huitwa umunna. Ukisikia mtu akimtaja mwenzake kwa neno la kwanza, jua kwamba anazungumzia udugu wa karibu kuliko wote. Jioni kila mke alipeleka chakula obi, hivyo mume mwenye wake watatu aliwekewa mabakuli matatu, na sidhani kama palikuwa na mke asiyejua ni bakuli la nani lililorudi tupu.

Mashamba nayo yaligawanywa. Viazi vikuu vilikuwa zao la mwanamume na fahari yake, vikifungwa kwa kamba, kimoja juu ya kingine, kwenye miti iliyosimikwa wima ghalani. Nduma, mihogo na maharagwe vilikuwa vya mwanamke, naye aliuza ziada sokoni na kuishika fedha hiyo mwenyewe. Hata chikichi zilipokamuliwa, katika sehemu nyingi mawese yalikuwa ya mume, na kokwa zilizobaki zikawa za mke.

Ndiyo maana mwaka 1929, huko Oloko, mtu aliyetumwa na chifu wa serikali ya kikoloni alipomkuta mwanamke aitwaye Nwanyeruwa akikamua mawese na kumtaka ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake, mwanamke huyo alimuuliza iwapo mama yake naye alihesabiwa. Wanawake waliona kwamba kodi inakuja kuwafuata hadi jikoni, na maelfu yao wakainuka katika ghasia ambazo mpaka leo huitwa Vita vya Wanawake.

Sitaki uende ukidhani kwamba mambo yote yalikuwa sawa. Mtakapofika mtapewa kola, kokwa chungu ya kutafuna ambayo kwayo mgeni hukaribishwa. Itapitishwa kwa wageni waione, kisha mzee ataiombea kwa Kiigbo, maana husemwa kwamba kola haisikii lugha ya kigeni, na baada ya dua itavunjwa. Kwa desturi mwanamke haivunji, hata awe na umri gani. Mimi sioni sababu ya kuitetea desturi hiyo, ila siku ya kwanza ya ukwe si siku ya kuibishia.

Siku hizi utakuta mara nyingi nyumba ya matofali, mke mmoja na picha ya Yesu ukutani. Ila desturi moja haijaachwa, nayo inakuhusu wewe mwenyewe. Binti yako akijifungua, mama yake ndiye anayetazamiwa kwenda kwa kazi iitwayo omugwo: kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumwogesha mtoto, na kupika mchuzi wenye pilipili na viungo vya kumrudishia nguvu. Kwa wiki hizo zote, mwenye jiko utakuwa wewe.