Ukitaka kumtungia mpiga fidla, anza na chombo chake

Mpigaji mkongwe akikaribia kupumzika, vijana wa vikundi vya taarab huwa na wazo moja: tumtungie bashraf, kile kipande cha ala tupu kisichoimbwa, ya kumuenzi. Wazo zuri. Shida huanza wakikaa kutunga. Humo ndani wanatia kila mbwembwe aliyopata kuipiga tangu ujanani, noti juu ya noti, mpaka mzee mwenyewe anatoka jasho. Mimi ni mpiga fidla, na nimeshiriki kutunga vipande vya aina hii. Wanaoniuliza huwaambia: tungeni kwa ajili ya sauti ya chombo chake, kasi ya vidole iacheni.

Huwa nawapa kisa cha Paris. Niccolò Paganini, mpiga fidla Mwitaliano aliyetingisha Ulaya nzima, alikuwa amepata viola iliyotengenezwa na Antonio Stradivari, fundi wa Cremona aliyefariki 1737. Viola na fidla ni ndugu, ila viola ina mwili mkubwa zaidi. Ule uzi mwembamba wa juu wa fidla haina. Badala yake ina uzi mnene wa chini, wenye sauti ya mtu mzima anayezungumza bila haraka. Viola za Stradivari zilizobaki duniani hazifiki ishirini. Paganini alitaka kazi mpya ya okestra ya kuionyesha, akamwendea Hector Berlioz, mtunzi Mfaransa, mwanzoni mwa 1834. Berlioz hakuwa mpigaji wa viola wala fidla. Alijua gitaa na filimbi. Nadhani hilo lilimsaidia, maana asiye na vidole vya kujivunia husikiliza zaidi.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za Berlioz mwenyewe, Paganini alipotazama rasimu ya sehemu ya kwanza aliona viola imepewa mapumziko mengi, akalalamika kwamba yeye anataka apige muda wote. Akajitoa. Berlioz akaendelea na kazi kwa njia yake, ikawa simfoni ya sehemu nne iitwayo Harold en Italie, ikapigwa mara ya kwanza Paris tarehe 23 Novemba 1834, viola ikiwa mikononi mwa Chrétien Urhan.

Isikilize, imo kwenye intaneti. Sehemu ya kwanza, subiri viola iingie: okestra inajitanda kwanza, kisha inapisha, na viola inatokea na kinubi pembeni, taratibu. Sehemu ya pili ndiyo darasa lenyewe. Mahujaji wanapita wakiimba, wimbo unakaribia na kisha unakwenda zake. Mwenye viola anapitisha upinde karibu kabisa na kidaraja kinachobeba nyuzi, sauti inatoka nyembamba, yenye mkwaruzo, kama kioo kinachosuguliwa. Hakuna fahari ya vidole hapo, lakini chombo unakisikia mpaka mbao zake.

Sisi tulipomtungia maalim wetu tulianza kwa kukaa naye barazani, fidla mapajani mwake. Tulimwomba asipige wimbo wowote, avute upinde tu, uzi mmoja mmoja. Uzi wa chini wa fidla ile ukinguruma unaendelea hata upinde ukishanyanyuliwa. Basi tukampa noti ndefu za chini, mbio tukamwachia mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachodonolewa kwa vidole. Vidole vyake vilikuwa vimeshakuwa vizito, lakini kwenye onyesho hakuna aliyelijua hilo. Watu walikuwa wakimtunza kabla hata bashraf haijafika katikati.

Jambo jingine: msingoje msiba. Paganini aliisikia Harold kwa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba 1838, wakati maradhi yameshamwondolea sauti. Alinong'ona, na mwanawe Achille ndiye aliyewaeleza watu. Baada ya onyesho alipiga magoti mbele ya Berlioz, na siku chache baadaye akamtumia faranga 20,000. Kwa fedha hizo Berlioz alilipa madeni na kupata nafasi ya kutunga Roméo et Juliette, ambayo aliitabaruku kwa Paganini. Ilipigwa 1839. Paganini alifariki Nice Mei 1840 bila kuisikia hata siku moja.

Kwa hiyo pangeni tarehe mapema, mzee akiwa bado na nguvu za kukaa jukwaani. Anayesoma noti mwandikieni kwa maandishi makubwa. Anayepiga kwa sikio mrekodieni kwenye simu aende nayo nyumbani. Mkimwonyesha rasimu akalalamika kwamba kapewa mapumziko mengi, msikilizeni kwa adabu, msifute kitu papo hapo. Mwombeni aje mazoezini asikie kikundi kizima kikipiga ndipo aseme tena. Na nyuzi mpya mnunulieni nyinyi, tena wiki moja kabla, maana zikifungwa siku ileile hazitulii.